Nimepewa klarineti ya kwanza, na aliyenifundisha amekaa ya pili

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nairobi, nina miaka 26. Klarineti nilijifunza nikiwa sekondari, kwa mzee mmoja mstaafu wa bendi ya askari aliyekuwa akija shuleni kwetu kila Jumamosi. Alitufundisha bure, na wengi tuliokaa mbele yake bado tunapiga. Nilipomaliza shule nilipiga bendi ya kanisa, harusi na maandamano ya sikukuu. Mwaka huu nimejiunga na okestra ya watu wa kujitolea. Tamasha letu ni mwisho wa Oktoba, na kazi kubwa ya usiku huo ni Simfoni ya Tano ya Tchaikovsky.

Mwongozaji alitusikiliza mmoja mmoja, kisha akapanga viti. Mimi nikapewa klarineti ya kwanza. Klarineti ya pili ni Mzee, yule yule aliyenifundisha. Hakulalamika. Alifungua kasha lake, akapaka koki mafuta, akakaa. Lakini tangu siku hiyo ananiita "Madam", na zamani alikuwa akiniita mwanangu. Sijui ni utani au ameumia.

Jambo la pili, karatasi yangu yote imeandikwa kwa klarineti ya A, nami nina ya B flati tu, ya plastiki. Mzee anayo ya A, ya mbao, mali yake. Nimekuwa nikishusha kila nota nusu toni kichwani huku nikipiga. Sehemu ya kwanza najikokota, ya pili napotea, na ya mwisho juzi niliifunga karatasi nikalala.

La tatu ni ule mwanzo. Ni klarineti mbili kwa sauti moja, chini kabisa, na nyuzi kidogo tu zikituunga mkono. Mazoezi ya kwanza tulisikika kama mume na mke wanaogombana kwa kunong'ona wageni wakiwa sebuleni. Mwongozaji alisimamisha, akatutazama, akasema, "Hilo tutalirudia siku nyingine." Nilitamani sakafu ifunguke.

Nirudishe kiti? Nimwombe Mzee klarineti yake? Au nianze na kurasa ngumu, hayo mengine yajipange yenyewe?

Mpulizaji, Nairobi


Marahaba, mwanangu.

Kiti usikirudishe. Mwongozaji aliwasikiliza wote wawili na Mzee alikuwepo akisikia. Ukikirudisha utakuwa umemwambia kwamba unamwonea huruma, na mtu aliyekaa bendi ya askari miaka yote hiyo huruma ya mwanafunzi wake haihitaji. Mle mtu hupandishwa, mwingine akabaki alipo, na kesho yake asubuhi wote wako kwenye gwaride. Hilo "Madam" sitalitafsiri kwa mbali. Nenda nyumbani kwake ulisikie akiwa amekaa kwenye kiti chake, chai iko mezani.

Na usiende mikono mitupu wala usiende kuomba klarineti yake. Ala ya mtu ni ya mtu, tena yeye mwenyewe ataihitaji, kwa sababu karatasi ya klarineti ya pili nayo imeandikwa kwa A. Muulize hivi: "Mzee, katika mji huu nani ana klarineti ya A?" Nina hakika atataja majina kabla chai haijapoa. Wapulizaji wa rika lake wanajua kila klarineti ilikopita: nani aliiacha alipostaafu, nani aliirithi, ipi imefungiwa kabatini kwa mjane fulani. Swali hilo linamrudisha kwenye kazi yake bila wewe kusema neno la pole.

Nikueleze kwa nini nasisitiza hiyo A. Klarineti ya B flati hutoa sauti toni nzima chini ya nota iliyoandikwa. Ya A hutoa toni moja na nusu chini. Tchaikovsky aliandika simfoni hii yote kwa klarineti za A, sehemu zote nne, na ukiangalia funguo utaona alivyowarahisishia wapulizaji. Simfoni inaanza kwa E ndogo (E minor): kwenye A ni G ndogo, flati mbili. Sehemu ya pili iko kwenye D kubwa (D major), nawe unasoma F kubwa, flati moja. Walzi, yaani sehemu ya tatu, ni A kubwa, kwako ni C kubwa, hakuna shapu wala flati. Mwisho inafika E kubwa, kwako ni G kubwa, shapu moja. Sasa chukua B flati yako uhesabu upya: shapu tatu, kisha nne, kisha tano, na ukurasa wa ushindi wa mwisho unakuja na shapu sita. Ndiyo maana ulifunga karatasi ukalala. Vidole vyako havina tatizo lolote. Umekuwa ukipiga muziki mgumu kuliko ule ulioandikwa.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo inayohusu ule ugomvi wa kunong'ona. Mzee anapiga A ya mbao, wewe unapiga B flati ya plastiki, halafu mnatakiwa kuwa sauti moja. Nota ile ile ninyi mnaishika kwa vidole tofauti, kwenye mirija yenye urefu tofauti. Nota inayoelekea kupanda kwake inaelekea kushuka kwako. Hata mngekuwa pacha mngegombana.

Ikipatikana klarineti, usiipokee kwa furaha tu. Iangalie. Kwanza mfumo: hakikisha ni Boehm kama hiyo yako, kwa sababu ala za zamani nyingi zina vibonyezo vya mpangilio mwingine na hutavizoea kabla ya Oktoba. Kisha tafuta herufi zilizogongwa kwenye mti, karibu na jina la mtengenezaji. Ukiona HP, yaani high pitch, rudisha. Bendi za Waingereza zamani zilipiga kwa kimo cha juu, karibu robo toni juu ya kile tunachotumia leo, na ala zao zilienea kila walikofika. Klarineti ya HP huwezi kuishusha kwa kuvuta viungo. Nota zote zitapinda. LP, yaani low pitch, ni sawa. Kisha mpe fundi aangalie pedi na koki.

Kama ni ya mbao na imelala muda mrefu, ipige dakika kumi au kumi na tano kwa siku wiki ya kwanza, uifute ndani kila mara, halafu uongeze kidogo kidogo. Mbao iliyokauka ikipata joto na unyevu wa pumzi ghafla hupasuka, na ukimpasulia mjane klarineti ya marehemu utakuwa na barua nyingine ya kuniandikia. Kipande cha mdomoni tumia chako. Kinaingia kwenye A kama kinavyoingia kwenye B flati, na midomo yako inakijua. Utaona ala ni ndefu kidogo, vidole vinatanuka kidogo, pumzi inapata upinzani zaidi. Utazoea.

Isipopatikana hadi mwisho wa Agosti, acha kushusha nota kichwani. Wapo wanaoweza, na ni ufundi mzuri wa kujifunza, lakini si kwa simfoni ya karibu dakika 50 ikiwa ndiyo ya kwanza maishani. Tchaikovsky alifariki 1893, kazi yake haina mwenye haki miliki, na karatasi za wapulizaji zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Ziandike upya kwa programu kama MuseScore, nusu toni chini, uchapishe kwa herufi kubwa. Kabla ya hapo pitia karatasi ya asili na penseli, uzungushie kila E ya chini kabisa. Hizo B flati haina, tundu limeisha. Kila utakapoikuta, kubaliana na Mzee aishike yeye.

Sasa ule mwanzo. Hapa ndipo ningependa utumie nusu ya muda wako wote, ingawa ni nota chache na hakuna hata moja inayokimbia.

Wimbo ule wa chini utarudi katika kila sehemu ya simfoni. Tchaikovsky aliiandika 1888, na katika maandishi yake ya mwaka huo kuna maneno kuhusu mtu kunyenyekea mbele ya majaliwa, ambayo wengi wanayahusisha na huu mwanzo. Kwenye sehemu ya pili ala za shaba zitaingilia na kuupiga kwa nguvu za kutisha, mara mbili. Mwisho utageuka kuwa wa ushindi. Lakini msikilizaji anausikia mara ya kwanza kutoka kwenu wawili. Msipokubaliana ninyi, shaba baadaye zitakuwa zinamkumbusha jambo ambalo hakulisikia.

Wewe umetoka bendi. Kule klarineti ndizo fidla. Mnakaa wengi kwenye karatasi moja, mmoja akikosea jirani anamfunika, na mkiwa barabarani kazi ni kusikika. Okestra ina klarineti mbili, kila mmoja na karatasi yake, na hapa mwanzoni mtunzi amewaweka kwenye nota zile zile kwa sauti ndogo. Ukipuliza kama uko kwenye maandamano utamzamisha Mzee. Ukinong'ona kwa woga, jambo lingine litatokea: klarineti ikipigwa kwa sauti ndogo huelekea kupanda, na ikipigwa kwa nguvu huelekea kushuka. Kwa hiyo mmoja akiwa na woga na mwingine akijitutumua kumwokoa, mnatengana kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Nadhani ndicho kilichotokea siku ile.

Keti na Mzee, bila okestra. Mmoja ashike nota ndefu ya chini bila kuyumba, mwingine apige wimbo juu yake, kisha mbadilishane. Programu ya kupimia sauti kwenye simu iwekeni mezani ikiwa imezimwa. Mnaweza kuiwasha mwanzoni ili mpate nota ya A, baada ya hapo itawafundisha kutazama, na usiku wa tamasha hamtakuwa na cha kutazama. Mkisikia sauti ikitetemeka kama mawimbi kati yenu, yule aliyeyasikia kwanza ndiye asogee. Hakuna haja ya kujua nani alikuwa sahihi.

Kisha pumzi. Amueni kwa penseli mtapumua wapi, na mpumue pamoja, mwisho wa kila kifungu. Alama ya mwendo ni mapigo 80 kwa dakika, lakini waongozaji wengi huanza taratibu kuliko hapo, na pumzi iliyotosha kwa 80 huisha kabla ya kifungu kwisha kwa 60. Jaribuni zote mbili. Na pumzi ya kwanza kabisa, ile ya kabla ya sauti, unaitoa wewe. Klarineti ya kwanza ndiyo inayoashiria. Nakuona ukisita: nimwashirie mzee aliyenifundisha kushika ala? Ndiyo. Inua kengele ya klarineti, ile ncha yake ya chini, kidogo, vuta pumzi kwa mwendo wa wimbo, ingia. Usipofanya hivyo kwa kumheshimu, utakuwa umemwacha aingie peke yake mbele ya ukumbi mzima, na hiyo ndiyo dharau.

Mwombe yeye naye sauti yake iwe nzito kidogo kuliko yako. Katika sauti moja klarineti ya pili ndiyo sakafu. Anajua; mwombe hata hivyo.

Mwendo ukibadilika kuwa wa haraka, wewe na basuni mnapewa wimbo kwa oktavu, mdundo wa 6/8. Sasa unaoana na mtu mwingine, mtafute mpiga basuni wakati wa chai. Na tahadhari moja kwetu watu wa huku: 6/8 tumeisikia kwenye chakacha tangu utotoni na kiuno kinataka kujibu. Huu wimbo unatembea kwa shida, hauchezi. Gawanya nota fupi kwa usahihi, usizifanye tamu.

Sehemu ya pili kila mtu anaijua kwa ajili ya honi, na klarineti humjibu honi kwa maneno mafupi. Pale usishindane, mwache atembee, mjibu kisha nyamaza. Zamu yako inakuja katikati, mwendo unapochangamka: wimbo mpya unaanza kwako peke yako, basuni anaupokea. Kwenye A ni A ndogo, vidole havina shida yoyote, kwa hiyo wapulizaji wavivu huupiga bila kuufikiria. Uimbe kwanza kwa mdomo, kwa sol-fa kama ulivyofundishwa kanisani, mpaka ujue unapenda kupumua wapi. Kisha piga pale pale.

Walzi utaifurahia, sina mengi. Ila karibu na mwisho wake ule wimbo wa mwanzo unarudi kwa klarineti na basuni, chini, kimya kimya, wakati watu wameshausahau. Wapulizaji wengi nao wanakuwa wameshausahau, wanaupiga kama sehemu ya dansi. Ninyi mliouanza mnapaswa kuwa watu wa kwanza kuutambua.

Ya mwisho ni kazi ya metronomu, kile chombo cha kupigia mwendo. Lengo ni nusu nota 120 kwa dakika. Anza kwa 70, usipande mpaka uwe umepiga bila kukosea na bila kukaza mabega. Mahali pagumu pakate vipande vidogo, uanze na kipande cha mwisho kurudi nyuma. Mtunzi Johannes Brahms alibaki Hamburg siku moja zaidi mwaka 1889 ili asikie mazoezi ya simfoni hii, akaipenda, isipokuwa hii sehemu ya mwisho. Kwa hiyo ukiichukia siku fulani, una mwenzako wa heshima.

Kuhesabu vipimo vya kimya usikudharau. Kwenye bendi ulikuwa unapiga karibu muda wote. Hapa utanyamaza kwa muda mrefu kisha uingie peke yako. Sikiliza rekodi ukiwa na karatasi mkononi, uandike juu ya kila kimya kirefu nani anapiga kabla yako: "honi", "fidla zinapanda", chochote kitakachokuamsha. Mgawane kuhesabu na Mzee kwa vidole juu ya paja. Wazee wa bendi hawapotezi hesabu.

Ridi, kile kijiti chembamba kinachotetemeka kwenye kipande cha mdomoni. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa ni kavu. Ridi iliyokuwa laini Mombasa huku huwa ngumu. Andaa nne au tano kuanzia sasa, uzizungushe, na uchague mbili za tamasha wiki moja kabla. Ile ya sehemu ya kwanza iwe inayoitikia chini kwa pumzi ndogo, hata kama juu haing'ari. Usifungue boksi jipya siku ile.

Na siku yenyewe, kama simfoni iko baada ya mapumziko, msiende wote kunywa chai. Klarineti baridi hushuka, na ninyi ndio mnaofungua. Dakika kumi kabla ya kuingia tafuteni kona nyuma ya jukwaa, mpitishe pumzi ya joto ndani ya ala bila kutoa sauti, mpige nota chache za chini pamoja, muingie mkiwa mmeshaoana.

Jambo la mwisho, dogo lakini huaibisha watu. Karibu na mwisho wa sehemu ya nne okestra inapanda mpaka kishindo kikubwa, inasimama, na kila mahali duniani kuna watu wanaodhani imekwisha na kupiga makofi. Haijaisha, maandamano ya ushindi bado yako mbele. Usishushe klarineti, usimtabasamie mama yako aliyekaa safu ya tatu. Mtazame mwongozaji.